Tutengeneze nyumba kiangazi hii, mbele mvua irudi

Hii ni maneno niliyosema siku ya Mungu iliyopita ku mukutano wa wakaaji wa avenyu yetu hapa Kadutu, Bukavu. Wengi hawakufika, wengine walikuwa ku matanga, wengine ku kazi, njo maana naiweka yote hapa vile niliisema. Picha zile nilikuwa naonyesha ku telefone naziacha.

Jambo yenu wote. Ba mama, ba papa, wazee wetu, na nyinyi vijana mulio nyuma kule ku ukuta, sogeeni karibu, ju maneno ya leo inawagusa nyinyi mbele ya wengine, nyinyi njo muko na mikono ya kushika chepe. Shefu wa avenyu, aksanti sana kwa nafasi.

Munanijua, miye ni masoni. Kila mwaka kuko wakati telefone yangu hailale, mwezi wa kumi na mwezi wa kumi na moja. Ni wakati gani ule? Ni wakati mvua imekwisha kurudi. "Fundi, kuja uone ukuta." "Fundi, maji imeingia mu chumba ya watoto." Nafika, naangalia, na mara mingi naona kazi ambayo mwezi wa munane ingefanywa na watu wawili na chepe moja ikaisha, sasa inaomba mifuko ya simenti, inaomba mawe ya kununua, wakati mwingine inaomba upande muzima wa nyumba ubomolewe ujengwe upya. Na kuko siku nafika hakuna tena kitu cha kutengeneza, watu wako kwenye kilio.

Leo tuko mwezi gani? Mwezi wa munane. Vumbi imejaa ku mabati, udongo umekauka, ata milima ya ngambo ya ziwa haionekane vizuri. Kila mutu anaona mvua iko mbali. Haiko mbali, ba ndugu. Mwezi wa tisa itaanza, na ikianza itatufuata mpaka mwezi wa tano.

Nani hapa iko na ndugu kule ngambo, Ubelgiji ama Kanada? Nyanyueni mikono. Muko wengi. Dada mumoja wa avenyu hii anaishi Montréal, siku moja alinipigia telefone ya video mwezi wa kumi, namuona iko juu ya ngazi, anatosha majani mu gutiere, ule mufereji wa ukingo wa paa. Nikamuuliza dada, unatafuta nini juu kule? Akaniambia kaka, huku ukingoja teluji ianguke njo utengeneze, umekwisha kuchelewa. Akanieleza vile wanafanya: mbele ya baridi wanafunga bomba za inje na kutosha maji yote yenye ilibakia mu tiyo, ju maji ikiganda inapanuka karibu asilimia 9, na tiyo inapasuka ndani ya ukuta. Wanapangusa shemine, wanaita fundi wa mashine ya joto, wanaziba nafasi kando ya madirisha. Na yale majani mu gutiere wanayatosha ju ikizibika, maji inasimama pale, inaganda, barafu inajilundika ku ukingo wa paa, na teluji ikiyeyuka juu maji inakosa pa kushukia inaingia ndani ya nyumba. Wako na baridi yao na wako na miezi ya kuitengenezea. Siye hatuna teluji. Siye tuko na mvua na mulima. Na miezi yetu ya kutengeneza ni huu tuko ndani yake.

Juu ya nini kiangazi? Ju udongo mukavu unachimbika bila kukuangukia. Ju ubao umekauka, unauona vile uko kweli. Ju simenti inashika bila mvua kuiosha, lakini hapa musikilize vizuri, kiangazi jua linaikausha mbio mbio na simenti iliyokauka mbio haina nguvu, kwa hiyo mukishajenga muimwagilie maji asubui na mangaribi, siku saba, ata kama maji ni ya kubeba ku kichwa. Na ju bei. Siku mvua ya kwanza inapiga, kila mutu anakimbilia bashe na mabati, kila fundi iko na kazi, na nyinyi munajua bei inafanya nini siku kama ile.

Sasa tuingie mu maneno yenyewe. Nataka muende na kitu kimoja leo, na nitairudilia mpaka muchoke: maji ya mvua inapashwa kuwa na njia. Maji yenye haina njia itajitafutia, na itaitafuta chini ya fondasio yako ama ya jirani yako.

Tuanze ku paa. Mulisha kujiuliza paa yenu inashusha maji kiasi gani? Hesabu yake ni nyepesi. Milimeta moja ya mvua ku meta moja ya mraba ni litre moja ya maji. Nyumba ya meta 8 kwa 10, ile ni meta 80 za mraba. Mvua kali ya mangaribi moja ikipiga milimeta 50, paa ile peke yake imeshusha litre 4,000. Bido za litre 20, ni bido 200. Bido mia mbili, ba ndugu! Munaweza kukubali mutu akuje na bido mia mbili azimwange moja kwa moja nyuma ya nyumba yenu, pahali pamoja, tena kesho tena kesho kutwa, miezi munane? Mungemupiga. Lakini paa yako isiyo na gutiere njo kazi inafanya.

Kuko majirani wawili nilitumikia, kartie siitaje. Mumoja iko juu, mwingine iko chini, kati yao njia ya miguu tu. Wa juu aliweka mabati mapya, mazuri sana, lakini gutiere hakuna, maji yote inaanguka nyuma ya nyumba na kutelemuka moja kwa moja ku fondasio ya wa chini. Wa chini ni mama mujane na watoto wake. Kila mvua ya usiku anaamka na ndoo. Akapanda kulalamika, wa juu anamujibu mvua ni ya Mungu, miye nifanye nini?

Mvua ni ya Mungu, ni kweli. Lakini bati ni ya nani? Bati ni yako! Maji ikisha kugusa bati yako imekuwa ya kwako, na uko na deni nayo mpaka uifikishe ku kanivo, mufereji wa maji wa barabara.

Walibishana miaka. Ba ndugu wa familia waliingia, shefu aliingia, wakafika mpaka ku komine, kesi haikuisha. Unajua iliisha siku gani? Siku kona ya nyumba ya mama ilishuka, udongo chini ya njia ya miguu ukaanza kuondoka, na ufa mukubwa ukatokea wapi? Mu uwanja wa yule wa juu. Ju mulima ukianza kutembea haukuulize weye ni wa juu ao wa chini. Njo akakuja mwenyewe kuniita. Tukaweka gutiere upande wa nyuma, tukashusha tiyo ya PVC, tukachimba kanivo kando ya njia na kupanga mawe chini yake, ju kama kanivo ni ya udongo tu mu mutelemuko maji inaichimba inakuwa ravene, korongo kabisa. Wa juu akalipa tiyo, mama akaleta vijana wake wa kuchimba. Kazi ile haikumaliza ata wiki moja. Miaka yote ya matusi kwa kazi ya chini ya wiki moja.

Kwa hiyo leo ukirudi nyumbani, panda uangalie gutiere. Tosha majani, tosha udongo, tosha ile kandambili ya mutoto. Mwaga bido moja ya maji kwa upande moja uone kama inafika upande mwingine. Gutiere inapashwa kutelemuka kidogo tu, nusu santimeta kwa kila meta, inatosha. Kama inasimama katikati, nyanyua vile vishikio. Mwenye hana makuta ya gutiere, asikate tamaa, achimbe mufereji pale chini maji inaangukia, aweke mawe ao vipande vya matofali, na aupeleke inje ya parsele mpaka ku kanivo ya avenyu. Na mwenye ana pipa ao sitene ayakinge maji ile, acha tu mvua ya kwanza ioshe vumbi ya bati, kisha kinga. Bomba ikikauka mutanikumbuka.

Sasa ukuta. Hapa natamani munisikilize kama hamujawahi kunisikiliza.

Muji wetu ni wa kupanda na kushuka. Karibu kila parsele hapa Kadutu iko na ukuta wa kushika udongo, ule wa sutenema, ama uko nao chini, ama uko nao nyuma yako juu. Baba mumoja, upande wa Panzi, alijengewa ukuta wa mawe wa meta tatu. Kazi nzuri. Masoni aliacha barbakane, yale matundu ya kutosha maji. Kisha baba akapaka ukuta rangi nyeupe, mvua ilipofika akaona maji muchafu inatoka mu matundu inachora mistari ku rangi yake. Akakasirika. Akaita kijana na simenti kidogo, wakaziba matundu yote, moja kwa moja, wakapaka rangi tena. Ukuta ukang'aa. Mwezi wa ine, mvua kubwa, ukuta ukaanza kutoa tumbo, majirani wakamuambia, akasema ni ya kawaida. Ukashuka saa za alfajiri. Mungu alisaidia hakukuwa mutu chini, ju chini kule njo mahali watoto wanachezea mupira mangaribi.

Juu ya nini ulianguka? Ju maji ilisimama nyuma yake. Udongo mukavu unasukuma ukuta, lakini maji iliyosimama inasukuma kwa nguvu ingine yake juu ya ile: nyuma ya ukuta wa meta tatu uliojaa maji, kule ku muguu, maji peke yake inasukuma tone tatu, ni kusema kilo 3,000, kwa kila meta ya mraba. Tone tatu! Hakuna ukuta wa mawe na simenti kidogo ulijengwa kwa ajili ya ile. Yale matundu yenye yanakuchafulia rangi njo yanakulindia watoto.

Chukua chuma, fer ya milimeta 8 ama 10, zibua barbakane zote kiangazi hii. Nyasi zimeota mule, ng'oa. Kisha chukua kamba, funga jiwe, ishushe toka juu ya ukuta, simama kando uone: ukuta uko wima, ama umeanza kuinama kwa inje? Ukiona ufa, usiupake simenti juu ili usiuone tena. Weka kipande kidogo cha simenti kinachokatiza ufa, andika tarehe. Kikipasuka, ufa unatembea, na sasa si kazi ya kupaka, ni kazi ya kuita fundi mbio na kutosha watoto mu chumba kile. Kuko nyumba hapa ziko na nyufa tangu tetemeko ya tarehe 3 mwezi wa pili 2008, tumezizoea, tunaweka kalandari juu yake. Tosheni kalandari muangalie.

Na udongo wenyewe. Huu udongo wetu mwekundu, ukikauka unapasuka, ukipata maji unavimba na kuwa muzito. Zile nyufa munaziona sasa mu uwanja, zile mutoto anaingiza mukono, zile njo milango ya mvua ya kwanza. Maji inashuka mule moja kwa moja mpaka chini kabisa, pale udongo unatelezea. Zizibeni na udongo mubichi, mupondeponde na muguu wa chepe. Si majani, si takataka. Udongo.

Vijana, nyinyi sasa. Kuko desturi inaniumiza sana. Mutu iko na parsele ndogo, anataka chumba kimoja zaidi cha kupangisha, anachimba mulima kwa chini kupata nafasi. Anapata meta mbili. Lakini amekata muguu wa mulima wenye unabeba nyumba tano juu yake! Hakuna pesa ya kupangisha inalipa ile. Kama umechimba tayari, hii kiangazi njo wakati wa kujenga ukuta pale, ao kurudisha udongo na kupanda. Pandeni vetivere, ile nyasi ndefu ya kushika udongo, mizizi yake inashuka wima meta mbili, tatu, inashika udongo kuliko kitu kingine munaweza kupata bila makuta mingi, na munaipanda pale mvua inaanza, kwa hiyo sasa mutafute miche yake na mutayarishe mistari ya kukatiza mutelemuko. Ile kalitusi kubwa iliyoinamia nyumba, yenye nusu ya mizizi iko inje, hiyo ikatwe sasa, na kisiki chake mukiache mu udongo.

Juu ya mabati nitasema haraka. Musumari uliolegea upigwe upya, na rondele ya mupira chini yake, upigwe ku mugongo wa bati na si mu mufereji wake ambamo maji inapita. Sharpante ile imeliwa na wadudu, choma kisu, kikiingia bila nguvu badilisha ubao. Na yale mawe munaweka ku paa kushika mabati, tafazali yatosheni. Upepo wa mbele ya mvua ukinyanyua bati, jiwe linaenda wapi? Waya za kuranti zinazogusa bati pia zitenganishwe, na radi ikianza ngoeni vitu mu prize, milima hii ya mashariki ya Kongo ni kati ya mahali radi inapiga zaidi dunia nzima.

Choo. Kuko watu, na hawako mbali na hapa, wanangoja mvua inyeshe ili wafungulie fosi yao, shimo ya choo, iende na maji. Nasema hii mbele ya wote ju inanikasirisha. Ile inashuka kwa nani? Inashuka ku mulango wa wa chini, ku maji ambayo watoto wanachezea, ku kisima. Kisha mwezi unaofuata tunauliza kolera imetoka wapi. Kama fosi imejaa, itoshwe sasa, ama muchimbe ingine sasa, udongo ukiwa mukavu. Watu wa parsele moja muchange. Ni bei, najua. Bei ya kolera munaijua pia.

Na kanivo ya avenyu. Tunasema serikali haitujengee kanivo, na ni haki yetu kuidai, tuendelee kuidai. Lakini ile kidogo iko, imejaa nini? Sashe, chupa za plastiki. Zikiziba pale, maji inapanda ku barabara inaingia mu nyumba. Zisipoziba pale zinashuka mpaka mu ziwa, na toka ziwa zinaenda mpaka ku Ruzizi, zinaziba baraje ya Ruzizi I, ile iliyojengwa 1958, ile inatupatia kuranti. Kisha tunakaa mu giza tunauliza kuranti imeenda wapi.

Niko na neno moja gumu mbele nikae.

Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, mito ilishuka na mawe na udongo ikachukua watu zaidi ya 400. Kuko wengi hapa walizika ndugu kule. Sitaki mutu aende akisema masoni alisema wangepangusa gutiere wangepona. Hapana. Kuko maji yenye hakuna chepe inaiweza. Na kuko nyumba mu avenyu hii, muzinajua, miye nazijua, ambazo ziko pahali hapakupashwa kujengwa, ku ukingo wa ravene, ku njia ya maji, na wenyewe hawana pengine pa kwenda. Siwezi kuwasemea uongo kwamba kazi ya kiangazi itawalinda kabisa.

Nyinyi wa nyumba zile, nawaomba hivi. Leo, si siku ya mvua, musikilizane na familia moja ya mahali pazuri kwamba usiku wa mvua kali watoto watalala kule. Familia zingine, mukiombwa, mukubali, musiulize maswali mingi. Karatasi zenu, fishi ya parsele, diplome, kadi ya kura, muziweke mu sashe moja pahali mukono unafika mu giza. Na mujue dalili: mulango wenye ulikuwa unafunga vizuri unaanza kugoma, muti unainama, ufa mupya mu uwanja, maji ya chemichemi inageuka udongo ghafula. Mukiona moja ya ile na mvua iko inapiga, mutoke. Musikusanye godoro, musingoje baba arudi ku kazi. Mutoke, na mupige kelele kwa wa chini yenu watoke pia.

Sasa kazi. Siku ya posho hii, samedi, kuko salongo, kazi ya wote pamoja, saa moja ya asubui. Tunaanza ku kona ya juu kule kwa fundi wa velo, tunashuka na kanivo mpaka chini ku bomba ya wote, si kila mutu mbele ya mulango wake tu, ju ukipangusa ya kwako na ya chini imezibwa umefanya nini? Mwenye chepe alete chepe, mwenye bruete alete bruete, ba mama wa maandazi wamesema watatutunza. Nitapita kila parsele yenye ukuta wa sutenema, kuangalia ni bure, kujenga tutaongea. Wa juu na wa chini wakuwe pamoja nikifika, sitaki kuongea na mumoja mwingine akiwa ameenda soko.

Na siku mvua ya kwanza itapiga, kama ni muchana na hakuna radi, musijifungie ndani wote. Mutu mumoja wa kila nyumba avae koti atoke, azunguke parsele yake, aangalie maji inapita wapi, inasimama wapi, inaingia wapi. Aweke alama, kijiti ao jiwe, na kesho yake aniite. Kesho yake, si mwezi wa kumi na moja.

Nimemaliza, sasa maswali. Mama ule wa kitambaa cha kijani alinyanyua mukono tangu nilipoanza kusema ya gutiere, tuanze na yeye.